Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kupima uhakika wa chakula katika kaya za Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria

Maswali haya yametoka kwa wadadisi wapya, wanafunzi wa vyuo wanaokuja na madodoso yao, watendaji wa vijiji, na wenyeji ambao wamehojiwa mara nyingi kiasi cha kuanza kutuhoji na sisi. Majibu ni ya mtu aliyezunguka na kishikwambi mkononi kuanzia Magu hadi Ukerewe, na ambaye sasa kazi yake kubwa ni kuwafundisha wengine wasirudie makosa aliyoyafanya yeye.

Kwa nini msihesabu magunia ghalani mkamaliza?

Kwa sababu gunia halisemi ni nani amekula. Mkutano wa Dunia wa Chakula uliofanyika Roma mwaka 1996 ulieleza kwamba watu wana uhakika wa chakula pale wote, wakati wote, wanapoweza kupata chakula cha kutosha, salama na chenye virutubisho. Uzito wa maelezo hayo umelala kwenye neno "kupata". Soko la Kirumba linaweza kujaa dagaa hadi njiani, na nyumba iliyo mita mia mbili kutoka hapo ikalala njaa.

Takwimu za kitaifa za uzalishaji zinasaidia kujua kama nchi ina chakula. Hazioni ndani ya nyumba. Kupima uzito wa watoto nako ni muhimu, lakini mtoto anaweza kudhoofika kwa malaria au kuhara ilhali chungu kimejaa. Ndiyo maana ikabidi kuwepo njia ya tatu, ya kumuuliza mwenye nyumba kilichompata.

Maswali yenyewe yalitoka wapi?

Chimbuko lake linawashangaza wengi. Halikuwa Afrika, lilikuwa jimbo la New York nchini Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mtafiti Kathy Radimer wa Chuo Kikuu cha Cornell aliketi na wanawake wa kipato cha chini akawasikiliza wakieleza njaa kwa maneno yao. Akaona hadithi zao zina mpangilio. Kwanza inakuja hofu ya chakula kuisha, kisha chakula kinakuwa cha aina moja, kisha mama anajipunguzia sahani yake, na mwisho kabisa ndipo sahani za watoto zinapungua. Serikali ya Marekani ikatengeneza dodoso la maswali 18 na kuanza kulitumia mwaka 1995.

Brazil na nchi jirani zake za Amerika ya Kusini zikatengeneza yao. Mradi wa FANTA, uliofadhiliwa na Marekani, ukatoa HFIAS, kipimo cha maswali tisa ambacho mwongozo wake unaotumika zaidi ni wa mwaka 2007. Baadaye Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, likaja na FIES yenye maswali manane, ikaanza kuulizwa duniani mwaka 2014 kupitia uchunguzi wa maoni wa Gallup. Hiyo ndiyo inayotumika kuhesabu kiashiria namba 2.1.2 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu.

Hapa kwetu HFIAS ilijaribiwa vijijini Iringa, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2010. Iringa si Mwanza, tafadhali. Huko hakuna anayeulizwa kama dagaa ni samaki.

Nitumie kipimo kipi?

Inategemea unataka kujua nini. Ukitaka kuona kaya zilivyopangana kuanzia zenye hofu kidogo hadi zenye njaa kali, tumia HFIAS au FIES. HFIAS inauliza wiki nne zilizopita. FIES inaweza kuuliza miezi 12 au siku 30. Ukitaka njaa kali tu, iliyo wazi kwa kila mtu, tumia HHS, yaani maswali matatu ya mwisho ya HFIAS. Ukitaka kujua watu walikula nini, kuna alama ya ulaji ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, FCS, inayoangalia siku saba. Na kuna rCSI, inayouliza mbinu tano za kujinusuru: kula chakula kisichopendelewa, kukopa chakula, kupunguza kiasi, kupunguza idadi ya milo, na watu wazima kujinyima ili watoto wale. Hiyo ya mwisho ina uzito wa 3, kukopa 2, zilizobaki 1 kila moja.

Ushauri wangu: usichukue vyote vitano. Nimeona dodoso la saa mbili na nusu ambalo mama alilijibu huku maharage yake yakiungua jikoni. Majibu ya nusu ya pili yalikuwa "hapana" tupu. Alikuwa anatufukuza kwa adabu.

Kaya moja inawezaje kuwa na "upungufu mkali" na wakati huohuo "isiwe na njaa"?

Swali hili huja kila mara tunapomaliza kuchakata data, kwa hiyo tupige hesabu kabisa. Katika HFIAS kila jambo lililotokea hupewa alama 1 likitokea mara moja au mbili kwa wiki nne, 2 likitokea mara tatu hadi kumi, na 3 likizidi kumi. Chukua kaya ya kufikirika pale Igombe:

- Hofu ya chakula kutotosha: zaidi ya mara kumi, alama 3
- Kushindwa kula wanavyopendelea: 3
- Kula vyakula vya aina chache: 3
- Kula chakula wasichokitaka: 2
- Kula kiasi kidogo: 2
- Kupunguza milo: 1
- Nyumba kukosa chakula kabisa: 0
- Kulala njaa: mara moja, alama 1
- Kushinda na kulala bila kula: 0

Jumla ni 15 kati ya 27. Ukipanga kwa makundi ya HFIAS, kaya hii inaingia moja kwa moja kwenye upungufu mkali, kwa kuwa yeyote katika maswali matatu ya mwisho akisema "ilitokea", hata mara moja, basi amefika huko. Sasa chukua maswali yale yale matatu uyahesabu kwa HHS. Humo mara chache na mara kadhaa zote ni alama 1, mara nyingi ni 2, na kipimo kinakwenda 0 hadi 6. Kaya yetu inapata 1. Alama 0 na 1 zinasomeka "njaa kidogo au hakuna".

Hakuna aliyekosea. Kipimo kimoja kinahesabu mwendo mzima wa dhiki, kingine kinasubiri hadi dhiki ifike mwisho wa njia. Kinachoniudhi ni taarifa inayosema "asilimia kadhaa ya kaya zina upungufu mkali" bila kutaja kipimo. Hiyo ni sawa na kuuza dagaa kwa sado, kopo la kupimia sokoni, bila kumwonyesha mteja kama kitako kimebonyezwa ndani.

Tafsiri ya Kiswahili ipo tayari. Kwa nini nisiitumie kama ilivyo?

Itumie kama mahali pa kuanzia. Tatizo ni kwamba Kiswahili cha ofisini na Kiswahili cha mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, ni ndugu wasioishi nyumba moja. Maneno manne yamenisumbua kuliko mengine yote.

La kwanza ni "wasiwasi". Swali linasema: "Je, ulikuwa na wasiwasi kwamba chakula hakitatosha?" Wanaume wengi hujibu hapana, hata ambao ndani hamna unga. Kwao kuwa na wasiwasi ni kuwa mwoga, na mwanaume anayelala ziwani usiku na mawimbi hakubali kuitwa mwoga na binti mwenye kishikwambi. Tulipobadili ikawa "ulikuwa unawaza chakula kitatoka wapi?", ndimi zikafunguka. Kuwaza kila mtu anawaza.

La pili ni "rasilimali". Kila swali la FIES, na baadhi ya maswali ya HFIAS, yana maneno ya kuonyesha kuwa sababu ni kukosa pesa au rasilimali nyingine. Ni maneno muhimu sana, kwani ndiyo yanayomtenga mwenye dhiki na anayefunga Ramadhani, anayefunga Kwaresima, au aliyekatazwa chumvi na daktari. Lakini "rasilimali" kwa wengi ni madini, misitu na hotuba. Sema "kwa sababu hamkuwa na pesa wala njia nyingine ya kupata chakula", na uirudie kwenye kila swali hata kama mhojiwa anaonekana kuchoka.

La tatu ndilo lililonifundisha unyenyekevu: "lishe". Swali la pili la FIES linahusu kushindwa kula chakula bora chenye virutubisho. Ukiandika "chakula cha lishe", mama mwenye mtoto mdogo anasikia uji wa lishe, ule unga uliochanganywa mahindi, soya, karanga na vinginevyo. Anakujibu kuhusu mtoto wa miezi tisa na unga wa dukani, wewe unaandika ulaji wa kaya nzima. Tulikuja kugundua tulipomuuliza mama mmoja alielewa nini, naye akainuka akatuletea kopo lenyewe tulione.

La nne ni "njaa". Kwa Kiswahili njaa ni ile ya saa saba mchana ukichelewa kula, na njaa ni ile ya mwaka mazao yalipokauka. Neno moja, vitu viwili. Mzee wa Kwimba ukimuuliza kama kaya yake ilipata njaa mwezi uliopita atakwambia hapana, njaa ilikuwa zamani, na atakutajia mwaka wake. Huku kijana wa Kirumba atasema ndiyo, tena hata sasa hivi. Kwa hiyo uliza tendo: "Kuna mtu yeyote alikwenda kulala usiku bila kushiba kwa sababu chakula hakikuwepo cha kutosha?"

Mhojiwa akisema "ndiyo" kwenye swali la kukanusha, naandika nini?

Usiandike kitu hadi ujue. Maswali mengi kwa Kiingereza yamejengwa kwa kukanusha, na yakiletwa kwetu yanakuwa "Je, hamkuweza kula vyakula mnavyopendelea?" Mswahili akiulizwa "Hujala?" hujibu "Ndiyo, sijala", na mwingine hujibu "Hapana, sijala". Wote wawili wana njaa. Kishikwambi kinampokea mmoja tu.

Dawa ni kuondoa kukanusha kwenye swali na kutumia vitenzi ambavyo vyenyewe vimebeba upungufu: kukosa, kushindwa, kuishiwa, kujinyima. "Ilitokea siku mkashindwa kula chakula mnachopenda, au haikutokea?" Jibu ni "ilitokea" au "haikutokea". Ndiyo na hapana zinaachwa nje mlangoni na viatu.

Mama anasema hawakula chakula jana, halafu anataja viazi. Anadanganya?

Hadanganyi. Kwa watu wengi wa kanda hii chakula ni ugali. Unaweza kuwa wa mahindi, wa mtama, au wa udaga, yaani muhogo uliovundikwa na kukaushwa, lakini ni ugali. Mtu aliyekula viazi vitamu vya kuchemsha, au vilivyokaushwa kama michembe na matobolwa, anaweza kusema kwa moyo safi kwamba amelala bila kula. Amekula kitu. Hajala chakula.

Upande mwingine kuna mboga. "Chakula kipo, mboga hakuna" ni sentensi utakayoisikia kila siku. Mboga hapa si majani tu; hata sato ni mboga, hata nyama ni mboga. Kaya yenye debe zima la unga na isiyo na kitoweo itakujibu vipi ukiuliza kama "chakula kiliisha"? Wengine husema hapana, unga upo. Wengine husema ndiyo, maana ugali mkavu haulishi familia. Mna lazima ya kuamua mapema, kwa pamoja, kabla ya kwenda uwanjani. Sisi tuliamua kusema "kitu chochote cha kula, ikiwa ni pamoja na viazi, muhogo, uji au matunda", na kwenye swali la kushinda na kulala bila kula tukaongeza kwamba chai ya rangi tupu haihesabiwi kuwa kula.

Muulize pia anakula milo mingapi siku ya kawaida kabla ya kumuuliza kama aliruka mlo. Kuna nyumba ambazo milo miwili ndiyo desturi. Na kuna vijana wa mjini wanaopiga pasi ndefu, mlo mmoja saa tisa alasiri unaobeba siku nzima; ukiwauliza kama waliruka mlo wanasema hapana. Hawakuuruka, waliuunganisha.

Dagaa waandikwe kama samaki?

Hapa ndipo namba zinapoharibika kuliko popote. Kwenye FCS nafaka na mizizi huzidishwa mara 2, mikunde 3, mboga za majani 1, matunda 1, maziwa 4, sukari na mafuta 0.5, na nyama, samaki na mayai 4. Viungo vina 0.

Kaya imekula ugali siku saba (14), majani siku sita (6), mafuta siku tano (2.5), sukari siku nne (2). Jumla 24.5. Kwa viwango vya kawaida, ambapo 21 kushuka ni duni na zaidi ya 35 ni wa kuridhisha, hiyo iko katikati. Sasa ongeza dagaa waliotumika siku tano. Ukiwaandika samaki, unaongeza 20 na kaya inaruka hadi 44.5. Ukiwaandika kiungo, inabaki 24.5. Uamuzi wa mdadisi mmoja kwenye kisanduku kimoja umeitoa kaya dhikini.

Kanuni ni hii: kama waliwekwa kidogo tu kutia ladha kwenye mchuzi, ni kiungo. Kama kila mtu alipata wake wa kumegea ugali, ni samaki. Dagaa huliwa wazima, kichwa na mifupa, kwa hiyo hata kiasi cha wastani kina thamani yake. Uliza: "Mlipika kiasi gani, na mlikuwa wangapi?" Fungu moja la sokoni kwa watu tisa ni kiungo, hata kama mama anaona haya kusema hivyo.

Mapanki nayo yana kesi yake. Mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kwenda nje ya nchi, ikikaangwa, ina nyama kiasi kwenye kichwa na pembeni. Je, mtu aliyekula mapanki alikula "chakula asichokitaka"? Wapo wanaoyapenda kwa dhati, na wapo wanaoyanunua kwa kuwa minofu haishikiki bei. Usimwamulie. Swali hilo la HFIAS linataka hisia ya mlaji. Orodha yako ya vyakula vya kimaskini haihusiki.

Kwa nini dodoso lenu linaandika siku ya mwezi angani?

Nilitamani kuna mtu angeniambia hili mwaka wangu wa kwanza. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Taa huwavuta kwa sababu kuna giza. Mbalamwezi ikitoka, mwanga umetapakaa kila mahali na taa haina kazi. Basi kipindi cha mwezi mpevu vijana hukaa nchi kavu wakishona nyavu, na fedha hukauka. Anayekosa si mvuvi peke yake: anakosa anayeanika, anayebeba ndoo, mama lishe wa mwaloni, hadi muuza vocha.

Sasa fikiria kipimo cha siku saba. Ukifika kijijini katikati ya giza, unapata wiki ya neema. Ukifika siku kumi na nne baadaye, unapata wiki ya ukame. Kijiji ni kile kile. Mwanafunzi mmoja alipima vijiji viwili vya kisiwani, kimoja kabla na kingine baada ya mwezi mpevu, akaandika kurasa nyingi kueleza kwa nini kimoja ni maskini kuliko kingine. Alikuwa amepima mwezi.

Kipimo cha wiki nne kina bahati nzuri isiyokusudiwa na waliokitunga: siku 28 zinakaribia kabisa mzunguko wa mwezi, ambao ni siku 29 na nusu. Mhojiwa anakumbuka giza na mbalamwezi kwa pamoja. Kwa mialo ya dagaa, hiyo peke yake inanitosha kuchagua HFIAS au FIES ya siku 30 mbele ya vipimo vya wiki. Ukilazimika kutumia vya wiki, gawa timu ili kila kijiji kipimwe kwenye giza na kwenye mbalamwezi.

Tena mwezi huu wa angani unasaidia kumbukumbu. "Wiki nne zilizopita" ni maneno ya kalenda ya ukutani. "Tangu mbalamwezi iliyopita" ni maneno ambayo mvuvi hayapotezi. Kwa wakulima wa Kwimba na Misungwi tumia gulio au siku za ibada badala yake. Na kumbuka kwao msimu ndio mwezi wao. Kuwapima baada ya mavuno na kuwalinganisha na waliopimwa ghala likiwa linakombwa ni kosa lile lile, limevaa nguo nyingine.

Kaya ni nani na nani?

Kwa takwimu, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Kwa Msukuma, neno "kaya" tayari lina maana yake: ni mji mzima wa mtu, na wake zake na nyumba za wanawe. Ukimwambia "kaya yako" anafikiria watu ishirini, wewe unafikiria sita. Panapo wake wawili wenye majiko mawili, hesabu kaya mbili, umhoji kila mmoja kivyake, na usimwambie mmoja alichosema mwenzake. Hilo la mwisho si la kitakwimu.

Kambi za uvuvi ni ngumu zaidi. Wanakambi hulishwa na tajiri mwenye mtumbwi, na gharama ya chakula hukatwa kwenye mapato kabla ya kugawana. Kijana ameshiba kambini huku mke na watoto wake wakiwa Sengerema bila unga. Usimwandike kwenye kaya ya mke kama hajala hapo kipindi unachouliza. Mpime peke yake, au umwache.

Nimhoji baba au mama?

Anayepika. Akiwa baba, sawa. Na umhoji mbali na mume, mama mkwe na jirani aliyekuja "kusalimia tu". Hakuna mwanamke atakayesema mbele ya mume wake kwamba watoto walilala njaa, atakuwa amemtukana. Anza kwa shikamoo, kaa panapokaa yeye, na kama ni kwenye mkeka basi ni mkeka. Ukikaribishwa kula, jua kwamba umekwisha kuharibu swali la kwanza, maana aliyekwisha kukupakulia hawezi kukwambia chakula hakitoshi. Usifike saa za mlo.

Kuna jambo moja zaidi la mwaloni ambalo madodoso mengine yanalichokoza: wanawake wanaopata samaki kwa kutoa mwili. Upande wa Kenya lina jina lake kabisa, jaboya. Usiliulize kama huna mahali pa kumpeleka atakayekwambia ukweli.

Wazee hawajui Kiswahili vizuri. Nitafsiri Kisukuma papo hapo?

Usithubutu. Wadadisi kumi wakitafsiri papo hapo, una madodoso kumi. Andikeni toleo la Kisukuma, na la Kikerewe au Kijita kama mnakwenda visiwani, kisha mpeni mtu mwingine asiyeliona la awali alirudishe kwenye Kiswahili. Mkilinganisha mtaona palipovuja. Lakini tafsiri ya kurudisha hukamata makosa ya maneno tu. Makosa ya maana hukamatwa kwa kukaa na watu wachache na kuwauliza, baada ya kila swali: "Nilipokuuliza hivi, wewe ulielewa nini? Ulikuwa unakumbuka siku gani?" Kopo la uji wa lishe lilipatikana kwa njia hiyo, si kwa mtaalamu wa lugha.

Modeli ya Rasch ni nini, na nitaielewa kweli?

Utaielewa. Georg Rasch alikuwa mwanahisabati wa Denmark. Fikiria unaingia ziwani ukitembea. Maji yanafika vifundoni, magotini, kiunoni, shingoni. Aliyelowa shingo lazima amelowa magoti. Maswali ya chakula yanatakiwa kuwa hivyo: hofu ni vifundo, kushinda na kulala bila kula ni shingo. Watu wengi wakisema shingo imelowa lakini magoti ni makavu, basi ama walisimama kichwa chini, ama swali la magoti halikueleweka. Modeli ya Rasch ndiyo hesabu inayokuonyesha swali lipi halikai kwenye mstari. Kwa kawaida tunakubali swali ambalo kipimo chake cha kukaa sawa kiko kati ya 0.7 na 1.3.

Swali likikataa, usilitupe haraka. Rudi uwanjani uulize lilisikikaje.

Naweza kulinganisha Mwanza na Kisumu, au na Brazil?

Kwa FIES, ndiyo, kwa masharti. FAO ina mizani ya dunia. Maswali yanayokaa nafasi ileile kila nchi hutumika kama nanga, na yale yaliyohama huachwa nje wakati wa kusawazisha. Kwa HFIAS ulinganisho wa nchi na nchi ni wa mashaka, hasa maswali ya mwanzo ya hofu na upendeleo, yanayobeba utamaduni mwingi. HHS ilizaliwa kwa sababu hiyo: watafiti walipochambua data za nchi kadhaa, zikiwemo Msumbiji, Malawi na Zimbabwe, waliona maswali matatu makali ndiyo yanayobaki na maana moja popote. Gharama yake umeiona kwa kaya ya Igombe: kupata lugha ya dunia nzima kulihitaji kunyamazia mateso ya kawaida.

Watu hawaongezi chumvi ili wapate msaada?

Wapo. Ukishuka kwenye gari lenye nembo ukiwa na mtendaji, kila mtu anaona TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, imekuja. Wapo pia wanaopunguza, kwa heshima yao. Sema wazi mwanzoni kwamba jibu halimwandikishi mtu popote na halimfuti popote, acha gari mbali, na mwombe mtendaji abaki ofisini baada ya kukutambulisha. Kibali cha maadili cha utafiti unacho? Basi ubebe nakala, utaulizwa.

Mhojiwa akilia?

Funga kishikwambi. Kaa. Hakuna sampuli inayoharibika kwa kaya moja kukosekana.

"Mwaka juzi mlikuja, mwaka jana mlikuja. Majibu yetu yako wapi?"

Hili huulizwa na wenyeji, na nimeulizwa nikiwa nimesimama mbele ya mkutano wa kijiji bila karatasi hata moja mkononi. Sikuwa na jibu. Tangu hapo tunatenga siku mbili kwenye bajeti kwa ajili ya kurudi, na tunasoma matokeo kwa kijiji, kwa Kiswahili na Kisukuma, bila kutaja nyumba ya mtu. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, mama mmoja alisikiliza namba zote, akanyoosha mkono, akauliza kwa nini hatukuuliza kuhusu kuni, maana yeye unga alikuwa nao. Swali la kuni sasa liko ukurasa wa tatu.